Jembe la Posa

Dispensari ya Misheni, Tabora
9 Agosti 1956

Kwako Justus, mtani wangu,

Barua yako imefika na nimeisoma. Unasema tangu uliporudi Dar es Salaam hulali kwa kuniwaza. Pole. Kunywa maziwa ya moto. Ninyi watu wa milima ya Uluguru mkishuka kwenye nchi tambarare mnapotea njia, sembuse kwenye mapenzi! Lakini sijasema kwamba mimi nalala.

Sasa tuache utani kidogo, maana nina jambo.

Unamkumbuka Masolwa wa kijiji cha Mwasenga, niliyekueleza habari zake ulipokuwa huku? Yule aliyekataa kumwachia mkuu wa kijiji chao, Mwanangwa Kashindye, ng'ombe wake, akafungiwa kwenye chumba kile cha barazani, akatoka maiti. Mwanangwa alipeleka taarifa bomani kwamba mtu amekufa kwa malale. Lakini maiti ililetwa hapa dispensari, na mimi na mkewe Mwanne ndio tulioiosha. Mgongo ulikuwa umechanika kwa kiboko kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Mtu wa malale husinzia, hukonda, shingo huvimba tezi. Masolwa wiki ileile alikuwa juu ya paa anaezeka nyumba yake, anapiga mluzi.

Jipya ni hili. Mwanangwa sasa anasema kwa kuwa malale yameingia Mwasenga, kijiji chote kihame kabla ya mvua, watu wapelekwe kwenye makazi mapya huko porini na nyumba zao zichomwe moto. Na lile bonde lenye maji mwaka mzima litabaki la nani? Shemeji zake wameshaanza kulipima kwa hatua, mchana kweupe, bila haya.

Andika, Justus. Mimi nitasimama popote na mbele ya yeyote. Lakini usiishie kwangu. Nenda kwa Yoramu, ndiye aliyechimba kaburi. Ni mtani wa kina Masolwa, alimlaza kaburini kwa mikono yake, na unajua mtani hana wa kumwogopa msibani. Ukija nitakupeleka kwake.

Ni mimi,
Tekla


Gazeti la Tarishi, Dar es Salaam
23 Agosti 1956

Tekla wa moyo wangu,

Mzima? Mimi mwili mzima, mengine unayajua.

Nimeandika habari ya Mwasenga, na nakuapia sijawahi kuandika kitu kama hiki. Mhariri wetu, Mzee Silasi, ameisoma akiwa amesimama, jambo ambalo halifanyi. Kisha akauliza lile swali lake la kila siku: "Na nani mwingine kaona?" Nikamjibu: "Mzee, huyu namwamini kama ninavyoamini kesho kutakucha. Anatosha." Akaguna, akaniacha.

Usininunie kuhusu Yoramu. Garimoshi hadi Tabora na kurudi, kisha nitembee hadi Mwasenga, na kazi hapa inanisubiri, ya nini? Mtu aliyekutazama machoni unapozungumza, Tekla, hahitaji shahidi wa pili.

Sasa nikuambie la pili, na hili ukae kitako kwanza. Mimi sikulelewa kuchezea mtoto wa watu. Nisingependa iwe siku moja watu wanasema yule mwandishi alikuja Tabora, akachukua habari, akachukua na binti, akapanda garimoshi. Kwa hiyo nimemwandikia Mzee Bernardo, Mluguru mwenzangu aliyestaafu reli hapo Tabora, awe mshenga wangu. Ataenda kwa baba yako mkubwa na blanketi moja na jembe jipya. Nimeuliza, nikaambiwa zamani kwenu mtu alioa kwa majembe. Babu yako alipita kwetu na pembe ya ndovu begani akielekea pwani, akalala kwetu, akala kwetu, ndiyo maana leo mimi na wewe tunataniana. Basi mimi nalirudisha jembe nyumbani kwa njia ileile.

Mzee Silasi hajui haya. Sioni kwa nini ajue mambo ya nyumbani kwangu.

Wako wa daima,
Justus


Dispensari ya Misheni, Tabora
2 Septemba 1956

Justus,

Ala! Umefanya nini wewe?

Nianze na la moyoni, kisha nikugombeze. Mzee Bernardo alipofika na lile jembe limefungwa kwenye blanketi, nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga. Nikasikia jina lako. Nilicheka peke yangu kama mwehu, mchi mkononi. Nakupenda, Justus. Nimeliandika hapo juu ili usije ukasema nilificha.

Sasa sikiliza. Baba yangu mkubwa Tobias, aliyenilea tangu baba afariki, anafanya kazi gani? Nilikueleza. Ni karani wa baraza la Mwanangwa Kashindye! Amelipokea jembe kwa vigelegele, akachinja jogoo, na kwa furaha yake akaenda kutangaza barazani kwamba binti yake anaolewa na mwandishi wa gazeti. Si mtu mbaya, baba mkubwa. Hajui kufunga mdomo akifurahi, basi. Asubuhi yake Mwanangwa amepita dispensari na farasi wake wa magurudumu, ile baiskeli mpya, akasimama mlangoni akanisalimu: "Mwangaluka, mke wa gazeti!" Akaenda zake anacheka.

Umemwona anavyocheka? Mimi nimemwona. Jana nilikuwa shahidi. Leo ni mchumba anayemsaidia mchumba wake kupata habari ya kuuza gazeti. Kwa desturi yetu umefanya jambo la heshima, na baba mkubwa anakusifu hadi sasa. Lakini ungeniuliza mimi kwanza, ningekuambia: subiri Masolwa apate haki yake, kisha lete jembe, lete na la pili. Posa ina wakati wake. Hukuniuliza. Uliuliza desturi, ukamuuliza Mzee Bernardo, mimi hukuniuliza.

Fanya mawili. Mwambie Mzee Silasi kila kitu, leo. Na habari usiitoe mpaka umefika kwa Yoramu. Kama hujamwambia mzee, usiitoe kabisa.

Tekla


Gazeti la Tarishi, Dar es Salaam
12 Septemba 1956

Mpenzi Tekla,

Barua yako imenikuta habari imeshatoka. Ukurasa wa kwanza! Wauza magazeti wameishiwa, Kariakoo watu wanasomeana kwa sauti. Nimeandika "muuguzi mmoja wa misheni", sikutaja jina. Na sikiliza hili: bomani Tabora wametangaza kwamba Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, atakwenda kuketi barazani mwezi wa kumi na moja pamoja na daktari wa serikali, na mpaka hapo hakuna nyumba itakayochomwa. Tumeshinda nusu, Tekla. Je, nilikosea?

Kuhusu Mzee Silasi, nakuomba tuwe na busara. Amenisifu mbele ya wenzangu wote. Nikimwendea sasa nikamwambia kwamba shahidi wangu ni mchumba wangu, nitafukuzwa siku hiyohiyo, na tutaoana tukale nini? Na habari yenyewe itakufa. Mwasenga watahama, kwa sababu gani? Kwa sababu mimi na wewe hatukuweza kunyamaza kidogo.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Ukiulizwa barazani, sema posa ilikuja baada ya gazeti kutoka. Ni tofauti ya majuma machache tu. Mzee Bernardo ni mwenzetu, atasema hivyohivyo. Baba Tobias naye ni damu yako. Uliyoyaona kwa Masolwa ni kweli tupu, hakuna anayekuomba ubadilishe hilo. Ni tarehe tu, mpenzi.

Wako,
Justus


Dispensari ya Misheni, Tabora
20 Septemba 1956

Kwa Mzee Silasi, Mhariri wa Tarishi,

Shikamoo, mzee.

Hunijui. Mimi ndiye muuguzi wa misheni uliyemtoa gazetini kwa habari ya Masolwa wa Mwasenga. Naitwa Tekla, na naomba jina langu sasa liandikwe.

Nakuandikia kwa sababu Justus hajakuambia, na mimi siwezi kukaa nalo. Justus ni mchumba wangu. Tulipendana alipokuja huku mwezi wa saba, na posa yake ililetwa kwetu kabla gazeti halijatoka. Jembe lipo, mshenga yupo, na jogoo aliliwa. Mwanangwa Kashindye anajua, kijiji kinajua. Asiyejua ni wewe na wasomaji wako tu.

Mzee, nisikuchoshe, lakini nataka uelewe. Niliyoyaona mgongoni kwa Masolwa ni kweli. Nitayasema hata nikiwekewa kiboko hichohicho. Lakini nimekaa nikajiuliza mimi ningekuwa mtu wa Shinyanga anayesoma gazeti lako, kisha nisikie kwamba mwandishi na shahidi wanapeana posa, ningeamini? Nisingeamini. Ningesema hao wamekaa kitandani wakatunga.

Na kuna jingine, ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwambia Justus aende kwa Yoramu aliyechimba kaburi. Hakwenda. Hakuwa mvivu, mzee, namjua. Alinipenda, akaniamini, akaacha kuuliza. Kama nisingekuwa mchumba wake, angekuja mpaka mlangoni kwa Yoramu kwa miguu.

Sasa ameniomba niseme uongo kuhusu siku ya posa, ili yeye asifukuzwe na habari isife. Sitasema. Njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni mwa njia hii kuna Mwanne na watoto wake, na nyumba ya udongo ambayo mumewe aliiezeka wiki aliyokufa. Nikikamatwa na uongo mmoja, hata mdogo, nani ataamini ule mgongo?

Naomba utume mtu mwingine. Asiwe ananipenda wala kunichukia. Amuulize Yoramu, amuulize Mwanne, na mimi aniulize mwisho. Namuomba pia daktari wa serikali apime damu ya kijiji chote, wakubwa kwa wadogo. Kama kuna malale yataonekana, nami nitakuwa wa kwanza kuwafungia watu mizigo.

Maneno haya nimeyanakili na kumpelekea Justus. Sisemi mtu kisogoni. Nakuomba usimwonee, ila usimfichie.

Ni mimi binti yako,
Tekla


Gazeti la Tarishi, Dar es Salaam
29 Septemba 1956

Binti Tekla,

Marahaba.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikakasirika. Niliisoma mara ya pili nikaona haya. Niliuliza nani mwingine kaona, nikajibiwa kwa mapenzi, nami nikaguna nikaenda kula wali. Kosa la Justus ni lake, lile la kuguna ni langu.

Huyu kijana nimemlea kazini tangu akiwa hajui kushika kalamu. Nimemwita, nimemuuliza, amekiri palepale, hakuzunguka. Nikamwambia: kupenda si kosa, na wala sikukatazi kuoa, oa hata kesho. Lakini hakimu akila chakula kwa mshtaki, huenda ugali haukumgeuza moyo hata kidogo, ila nani wa nje atakayejua? Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Yeye alitaka kukohoa ndani ya blanketi.

Sijamfukuza. Nimemtoa kwenye habari ya Mwasenga, atasahihisha matangazo na bei za soko mpaka nitakapoona inatosha. Toleo lijalo, ukurasa uleule wa kwanza, tutaandika kwamba mwandishi na shahidi ni wachumba na kwamba tuliwaficha wasomaji wetu. Wapinzani wetu watacheka mpaka meno yadondoke. Wacheke.

Sina mtu wa kumtuma, kwa hiyo ninakuja mwenyewe. Magoti yangu hayapendi garimoshi, ila yataafikiana nalo njiani. Nitaanza kwa Yoramu. Wewe nitakuuliza mwisho, kama ulivyoagiza.

Neno moja la mzee. Watakutukana barazani. Mwanangwa hatakuuliza habari za Masolwa, atakuuliza habari za kitanda. Jiandae. Sitakuambia uvunje posa wala usivunje, hilo si la gazeti.

Silasi


Dar es Salaam
4 Oktoba 1956

Tekla,

Hongera. Umenikomesha.

Leo nimeshinda nasahihisha bei ya ulezi na matangazo ya baiskeli. Wenzangu wananipisha njia kama mtu mwenye upele. Jambo lililokuwa la watu wawili umelipeleka kwa mhariri, na mhariri kalipeleka kwa nchi nzima. Ungeweza kuningojea. Ningemwambia siku moja.

Nilikutumia jembe kwa heshima, nawe umelifanya shitaka. Basi lirudishe kwa Mzee Bernardo yaishe.

Justus


Mwasenga
18 Novemba 1956

Kwako Justus,

Salamu. Sikujibu barua yako ya mwisho kwa sababu niliona uliiandika ukiwa na homa, nami muuguzi simjibu mtu mwenye homa. Ninampa maji, ninangoja. Natumaini imeshuka.

Sasa nikueleze baraza, maana utakuwa umesoma ya Mzee Silasi, na yeye haandiki mambo ya moyo.

Watu walijaa mpaka nje. Bwana Shauri mezani, daktari kando yake, Mwanangwa kwenye kiti chake cha ngozi, baba mkubwa Tobias na kalamu yake, ananikwepa macho. Niliingia na kitu kimefungwa kwenye kanga. Kabla sijafungua mdomo Mwanangwa akasimama: "Bwana, huyu si shahidi! Huyu ni mke wa gazeti! Amwambie Bwana, yule mwandishi ni nani kwake?" Watu wakacheka. Nilisikia masikio yanawaka moto, Justus, nikatamani ardhi inimeze.

Nikafungua kanga nikaliweka jembe juu ya meza, mbele ya Bwana Shauri. Nikasema: "Ni mchumba wangu. Posa yake hii, ililetwa kabla gazeti halijatoka. Mwanangwa amejisumbua kufichua kitu nilichokuja nacho mkononi. Kama mnaona mapenzi yamenipofusha, futeni maneno yangu yote, yatoeni kabisa. Muulizeni Yoramu. Huyo sijui anachumbiana na nani."

Mwanangwa alibaki amesimama, hana swali la pili. Lilikuwa hilohilo moja.

Yoramu akaitwa. Unajua watani wa msibani walivyo. Alianza kwa kumkejeli Masolwa mwenyewe, eti alikuwa bahili hata wa kufa. Kisha akasema: "Nilimshika nimlaze, nikamwambia mtani wangu, hata leo unaninyima kazi rahisi, mgongo wako haushikiki, umeoza kwa kiboko, nitakubeba kwa wapi?" Alikuwa akicheka anavyosema, na machozi yanamtoka. Hakuna aliyemkatiza. Mwanangwa alifungua mdomo, wazee wake mwenyewe wakamvuta shati akae. Mtani hakemewi msibani, na yeye aliugeuza ule mkutano kuwa msiba.

Halafu Mwanne. Halafu askari mmoja wa baraza, kijana wa Choma, ambaye hakuna aliyemtarajia, akanyoosha mkono akasema kiboko kilikuwa cha Mwanangwa na alikishika Mwanangwa.

Daktari alipima damu ya Mwasenga yote, hadi wale shemeji waliokuwa wakilipima bonde. Malale hakuna hata kwa mmoja. Kijiji hakihami. Kashindye amevuliwa kazi, anangoja kesi Tabora mjini. Sitakuambia kwamba atafungwa. Hilo sijalijua.

Mimi mwisho kabisa ndiyo niliulizwa, na maneno yangu yakaandikwa pamoja na ya wengine. Baba mkubwa aliyaandika kwa mkono wake. Nyumbani akaniambia nimeitia posa aibu kwa kuiweka mezani kama kidhibiti cha mwizi, nitoke kwake mpaka atulie. Nimetoka. Nakaa kwa Mwanne hapa Mwasenga, naenda dispensari kwa miguu. Juzi baba mkubwa amenitumia gunia la matobolwa, vile viazi vikavu, bila salamu, kwa hiyo najua anaanza kutulia.

Sasa habari ya jembe.

Uliniambia nilirudishe kwa Mzee Bernardo. Nililichukua siku ileile ya baraza, nikafika mpaka njia panda ya kwenda kwake, nikasimama. Kulirudisha ni kusema sikutaki, na huo ungekuwa uongo. Kulirudisha nyumbani kwa baba mkubwa ni kusema tumekubaliana, na huo nao ni uongo, maana sisi tumeagana bila kuulizana. Nikageuka nikaja nalo Mwasenga. Mvua zimeanza wiki mbili sasa. Jembe la Masolwa lilichukuliwa pamoja na ng'ombe wake, na Mwanne alikuwa akichimba kwa kijiti. Nimempa. Tumelima naye bonde lote la upande wao, mahindi yameshachipua. Limelika makali kidogo na mpini umeanza kung'aa.

Kwa hiyo jembe lako haliko kwangu, wala halitarudi kwako.

Nilisimama mbele ya watu wale wote nikasema wewe ni mchumba wangu, na sikuona haya kwa ajili yako. Niliona haya kwa ile barua ya tarehe. Wewe ni mwandishi mzuri, Justus, uliniuliza mambo ya Masolwa siku ya kwanza mpaka nikachoka, na ndipo nilipokupenda. Kisha ukanipenda ukaacha kuuliza, na hapo ndipo tulipopotea njia, wewe na mimi na gazeti.

Kama bado unanitaka, chukua garimoshi baada ya mavuno. Mzee Bernardo mwache apumzike. Njoo na jembe jingine, kwa sababu lile limeolewa na Mwasenga. Kaa mbele yangu, na safari hii uniulize mimi. Sijakuahidi jibu.

Ni mimi,
Tekla